Vigingi vya Isale

Jua lilikuwa halijatoka upande wa Kibo, na Anyesi alikuwa ameshapiga magoti mferejini, mikono imezama mpaka viwikoni, akiziba njia ya jirani kwa tope na magome ya mgomba ili maji yaingie kwake. Ilikuwa zamu yake. Pale Nkoamasi maji yalikwenda nyumba hadi nyumba, na zamu ikifika mwenyewe hayupo, yalimpita bila kubisha hodi. Mwanamke aliweza kujifungua usiku, na alfajiri ukamkuta ameinama mferejini, mtoto mgongoni, maana zamu ikishakupita itarudi ndizi zako zimekuwa kuni.

Leo maji yalikuwa membamba, na mawazo ya Anyesi hayakuwa mferejini. Mume wake, Kaanaeli, alikuwa amelala bomani kwa Wajerumani.

Nkoamasi kilikuwa kijiji kidogo, kando ya mto Nduruma, na daraja lake lilikuwa gogo moja lililolazwa juu ya maji. Ng'ambo hii walikaa Wameru na migomba yao, ng'ambo ile Waarusha na ng'ombe wao. Miaka mingi waliibiana ng'ombe, wakapigana, kisha wakaozeshana mabinti, na wakati wa kulipa mahari wakagundua kuwa ng'ombe walikuwa wale wale tu. Basi wakatulia. Halafu akaja Mjerumani, akawabebesha mawe wote, Mmeru kwa Mwarusha, kujenga boma lake. Hakuna nyumba kijijini ambayo haikuwa na jiwe lake katika ukuta ule. Kaanaeli alikuwa na la kona, kubwa kama ndama, na tangu siku aliyolibeba kiuno chake hakikunyooka tena.

Baada ya boma wakaja walowezi. Aliyeangukia Nkoamasi alikuwa na shamba kule bondeni, na kijiji kilimpa jina la Bwana Subiri, kwa sababu Kiswahili chake chote kilikuwa hicho: watu subiri, ujira subiri, malalamiko subiri. Yeye mwenyewe hakuwahi kusubiri kitu. Alitaka maji ya kahawa yake, akachimbisha mfereji kutoka mtoni, mpana kama njia ya ng'ombe, ukashuka, ukashuka, ukasimama mpakani mwa kihamba cha Anyesi, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba. Kuanzia hapo vilipangwa vigingi, mstari mmoja, katikati ya migomba aliyoipanda mama mkwe wake. Siku mfereji ule ukipita, kihamba kimekwenda, na maji ya kijiji kizima yamekwenda nacho.

Juzi Kaanaeli, mtu mpole asiyeweza hata kumfukuza kuku aliyeparamia chakula, aliamka akang'oa vigingi vyote. Aliviweka jikoni kwa mke wake, akaenda kukaa. Jana wakaja kumchukua.

"Ngoto Efraimu! Takwenya!"

Alikuwa Nosim, rafiki yake wa ng'ambo, anavuka gogo na kibuyu cha maziwa kichwani. Kwao mwanamke huitwa kwa mtoto wake, ngoto, yaani mama, na mtoto wa Anyesi, Efraimu, alikuwa akisoma misheni.

"Iko," Anyesi akaitikia salamu ile ya Kiarusha bila kuinua kichwa.

"Bado uko hapa? Mume wako atakula kiboko mchana huu na wewe unachezea tope?"

"Nani amekuambia mchana huu?"

Kabla Nosim hajajibu, mwenye habari akatokea mwenyewe kwenye migomba. Alikuwa Solomoni, mshili wa kijiji, yaani mdomo wa kijiji bomani na mdomo wa boma kijijini, na katika midomo yote miwili hakukosa kutia chakula. Kichwani alivaa kofia kuukuu ya Kijerumani iliyompwaya mpaka kwenye nyusi, hivyo akitaka kumwona mtu ilibidi anyanyue kidevu kama bata anayekunywa.

"Mama Efraimu, pole," alisema. "Ni hamsa ishirini. Mchana, Bwana Mkubwa wa boma akishakula."

Hamsa ishirini. Viboko ishirini na tano. Mwaka jana kijana wa ukoo wa jirani, mzima kama fahali, alipigwa hizo hizo, akakaa mwezi analala kifudifudi. Kaanaeli na kiuno chake je?

"Mshili, wewe si ndiye uliyewaonyesha nyumba?"

"Mimi ni mdomo tu, mama. Wenye masikio ni wao." Solomoni akatazama juu kwenye mkungu ulioiva. "Huu ukinipa, naweza kumwambia shaushi apige taratibu."

"Kiboko cha taratibu kikoje?"

"Ndiyo hivyo, mtu anajaribu."

Anyesi akamkatia. Hakuamini, lakini siku kama ile hata usichokiamini unakilipia. Solomoni akaubeba begani, akaondoka akihema.

"Nenda," alisema Nosim, akiteremsha kibuyu. "Chukua maziwa haya ya wale wa mlangoni. Maji nitakulindia mimi."

"Wewe si wa zamu hii. Watakuletea maneno."

"Waje nayo." Nosim akaingia mferejini, akakaa kabisa, maji yakamfika kiunoni, fimbo ya ng'ombe mapajani. "Na usiende mikono mitupu. Sisi tukitaka amani tunashika majani mkononi. Ninyi mna lile lenu."

Anyesi alikuwa ameshalifikiria usiku kucha. Akaenda kwenye ua wa masale mpakani, akachagua jani refu, bichi, lisilo na doa, akalivunja.

Kwa Wameru isale si jani la kuchezea. Mtu hata akikuchomea nyumba, akija na isale mkononi ukalipokea, mambo yamekwisha. Huwezi kurudi nyuma, ukoo wako utakushangaa. Asiyetaka kusamehe huficha mikono mgongoni. Na shina la isale likisimikwa ardhini huota, likawa mpaka, na jembe halivuki. Mwalimu wa misheni, Mmeru mwenzao, aliwafundisha kuwa ni majani tu. Walimsikia vizuri. Lakini hata mwalimu mwenyewe hakuwahi kuonekana aking'oa la kwake.

*

Njia ya kwenda bomani aliikata mbio mbio, anatembea, anakimbia, anatembea, kibuyu kikimpiga ubavuni. Kivuli chake kilizidi kufupika miguuni, na kila alipokitazama aliongeza mwendo. Barabarani alikutana na wapagazi na wanawake waliokuwa wakitoka sokoni wakilalamikia bei ya chumvi. Mmoja akamwita asimame asikie, jinsi kikombe cha chumvi kilivyokuwa kidogo siku hizi. Anyesi akampita kama upepo. Alikuwa akisema moyoni maneno ya Kiswahili aliyofundishwa misheni, akiyapanga: Bwana, naomba. Bwana, mume wangu ni mgonjwa. Bwana, pokea.

Mlangoni palikuwa na shaushi, mkuu wa askari, mtu wa Manyema mwenye masharubu yaliyochanwa.

"We mama, unakwenda wapi na majani? Hapa hatufugi mbuzi."

"Shikamoo, bwana. Nataka Bwana Mkubwa. Mume wangu ni yule wa vigingi."

"Aha! Mwenye vigingi!" Shaushi akacheka, si kwa ubaya. "Sijawahi kuona mfungwa kama yule. Nilipomfunga kwenye kona akapapasa ukuta, akaniambia jiwe hili ni lake, eti tusimbane, yuko kwake. Kibuyu hicho kina nini?"

"Maziwa."

"Lete. Na Bwana Mkubwa yuko barazani, hajala bado. Una bahati. Akishakula huwa na usingizi, na akiwa na usingizi hasikii mtu."

Bwana Mkubwa alikuwa ameketi nyuma ya meza, uso mwekundu, glasi ya maji mbele yake. Kando yake alisimama karani, kijana wa Tanga, kanzu nyeupe hata ukaona haya kuikaribia. Anyesi akapiga magoti, akanyoosha jani kwa mikono miwili. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalimtoka kichwani, yakabaki matatu.

"Bwana, naomba. Pokea."

Karani akasema kitu kwa Kijerumani. Bwana Mkubwa akainama, akalitazama jani, akauliza.

"Bwana anauliza, hiyo ni dawa ya nini?" alisema karani.

"Si dawa, mwanangu. Ni isale. Mwambie ni isale, la Kaanaeli wa Nkoamasi."

Karani hakuwa na neno hilo kwao Tanga. Akawaza kidogo, akatafsiri alivyoweza. Bwana Mkubwa akatabasamu. Akasimama, ndiyo, akasimama kabisa, akanyoosha mikono yake miwili, akalipokea. Akasema kwa Kiswahili, "Asante sana, mama." Akalitia ndani ya glasi ya maji, akaigeuza geuza glasi mpaka jani likakaa vizuri.

Anyesi nusura alie. Mikono miwili! Hata mzee wa ukoo asingepokea kwa heshima namna ile. Akarudi kinyumenyume, akateremka ngazi, akaketi chini ya ukuta. Akakung'uta shuka aliyomletea mumewe, akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Aliwaza: watakaporudi watapitia mtoni, aoge kwanza. Atampikia ndizi na maziwa. Aliwaza hata kumsamehe Solomoni ule mkungu.

Baragumu likalia. Wakamtoa Kaanaeli.

Anyesi akainuka, shuka mikononi. Kaanaeli alimwona, akatikisa kichwa kidogo kama mtu anayesema usije. Askari wawili walimpitisha mbele yake, karibu kabisa, harufu yake ikamfikia, wakaenda naye mpaka kwenye pipa lililolazwa katikati ya uwanja.

"Mnakosea!" alipiga kelele Anyesi. "Imekwisha! Bwana amepokea!"

Shaushi akamshika bega. Masharubu yake yalikuwa na maziwa. "Kaa chini, mama. Utamwongezea."

Akakaa. Hakuhesabu, waliokuwepo kwa kuhesabu walilipwa mshahara kwa kazi hiyo. Yeye alitazama jiwe la kona, lile kubwa kama ndama, akalitazama mpaka likaanza kuelea machoni. Kaanaeli mwanzo hakutoa sauti, halafu akatoa.

Karani akapita na kanzu yake, akienda kula. Anyesi akamshika pindo, kanzu ikapata tope.

"Mwanangu, amelipokea. Kwa mikono miwili, umeona wewe."

"Mama," karani akasema polepole, akijaribu kujinasua bila kumvuta, "alidhani ni zawadi. Amefurahi sana. Anasema meza yake ilikuwa haina kitu kibichi."

*

Walipomwachia, Bwana Subiri alikuwa langoni juu ya nyumbu wake, kando yake Solomoni na kofia yake. Bwana Subiri akanyoosha kidole kwa Kaanaeli, akazungumza, na Solomoni akageuza maneno, kwani alikuwa amevumbua Kijerumani chake mwenyewe.

"Bwana anasema, kesho jua likitoka anataka vigingi vimesimama. Pale pale vilipokuwa. Vile vile idadi. Kimoja kikipungua, unarudi hapa. Wachimbaji wanakuja asubuhi."

Kaanaeli alikuwa akiyumba. "Amesikia," akasema Anyesi.

Njia ambayo asubuhi aliikimbia, sasa waliitembea kama wanaoipima. Kaanaeli aliweka mkono begani kwa mkewe, shuka haikuweza kumgusa mgongo ikabebwa mkononi. Walipokaribia mto ndipo aliposema.

"Nilikusikia ukiwaambia wanakosea."

"Nilikuwa mjinga."

"Hapana. Nilifurahi. Mtu akisikia kuna anayebisha, maumivu hupungua kidogo." Akasimama, akapumua. "Vigingi viko wapi?"

Anyesi akatazama mto.

"Mama Efraimu. Niliviweka jikoni."

"Uliviweka jikoni," Anyesi akasema, "vikavu, vimechongwa vizuri, vyote sawa. Ulidhani nitafanya navyo nini? Zile ndizi ulizokula juzi usiku, ukasema leo zimeiva mpaka ndani, uliona moto ule ni wa nini?"

Kaanaeli akamtazama. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, na kila yakitikisika aliguna kwa maumivu, na kila akiguna alizidi kucheka, mpaka akalazimika kushikilia mti. Anyesi naye akacheka, machozi yakimtiririka, kisha kicheko kikamkatika. Kwa sababu msitu ulikuwa marufuku. Bwana Mkubwa alikuwa ameutangaza kuwa wa Serikali, na mtu akikutwa akikata hata ufito alipelekwa kwenye pipa lile lile. Vigingi vile mtu angevitoa wapi kabla ya jua?

Nyumbani walimkuta Nosim bado mferejini, midomo imemkauka kwa baridi, kihamba kizima kimelowa mpaka kwenye mashina ya mwisho.

"Alikuja yule jirani yako mwembamba kuuliza maji," alisema. "Nikamwonyesha fimbo. Akasema basi, atauliza kesho." Kisha akauona mgongo wa Kaanaeli. Akainuka, akaenda kumtafutia samli.

Walimlaza kifudifudi kwenye majani ya mgomba. Jua lilikuwa linainama. Anyesi akasimama uani akizunguka: mibuni michache iliyotolewa na misheni, isiyozidi goti, migomba, ambayo haichongeki kigingi, nguzo za nyumba, na nyumba ingemwangukia mgonjwa. Aligeuka huku, akageuka kule. Halafu akasimama mbele ya ua wa masale, pale pale alipovunja jani asubuhi. Jeraha la lile jani lilikuwa bado bichi. Mashina yalikuwa yamenyooka, unene wa mkono wa mtoto.

Alirudi ndani, akachuchumaa kichwani pa mumewe.

"Bwana alisema vigingi vya mti gani?"

"Hakusema mti. Alisema pale pale, na idadi ile ile."

"Hakusema mti."

Kaanaeli akageuza shavu juu ya jani. "Wachimbaji ni akina nani?"

"Watu wetu. Solomoni ndiye anayewatoa, kila nyumba mmoja."

"Basi chukua panga kubwa," alisema Kaanaeli. "Lile dogo ni butu."

Walifanya kazi ile mwanga ukiwa bado upo, kila mtu aone. Anyesi alikata mashina, akachonga ncha, akaacha juu kichomozo cha majani mawili matatu, kwa vile hakuambiwa ayatoe. Nosim alimshikia. Kila shimo la zamani lilikuwa bado wazi, ardhi imelowa maji ya zamu, kigingi kikaingia laini kama kidole kwenye ugali wa ulezi. Kila alichokisimika alikitamkia polepole, jina la mama mkwe wake na jina la ukoo, kama inavyofanywa kwenye mpaka wowote. Watu waliokuwa wakipita kurudi makwao walisimama, wakaona, wakaendelea na safari bila salamu, wakitembea kwa adabu kama waliopita msibani.

*

Asubuhi walikuja. Bwana Subiri na nyumbu wake, Solomoni na kofia, na nyuma wanaume wa kijiji na majembe begani. Anyesi alikuwa kizingitini. Hakulala. Usiku kucha aliwaza kuwa huenda mtu mmoja ataogopa kiboko kuliko isale, na mmoja akishaanza, wengine watafuata.

Bwana Subiri akateremka, akatembea mstari mzima akihesabu kwa kidole. Vilitimia. Vilikuwa pale pale. Akaridhika, akarudi, akatoa amri.

Hakuna aliyechimba.

Akaitoa tena, kwa sauti. Wa mbele, mzee wa makamo, akateremsha jembe begani, akaliweka chini kwa uangalifu kama anayelaza mtoto. Akafuata wa pili. Majembe yote yakalala. Solomoni akanyanyua kidevu aone chini ya kofia, akaona, na rangi ikamtoka. Naye alikuwa na kihamba, na mipaka, na watoto.

Bwana Subiri akamgeukia, uso umewaka, mjeledi unampiga buti. Solomoni akatafuta katika Kijerumani chake chote, hakupata kitu. Mwisho akasema neno moja ambalo bwana yule angelielewa bila mkalimani.

"Subiri, bwana."

Bwana Subiri akakamata kigingi kilicho karibu kutaka kukichomoa. Mkono ukasita. Kigingi kilikuwa cha kwake, kwenye mstari wake, alichokililia mpaka mtu akapigwa. Akakiachia. Akapanda nyumbu, akasema mengi, na yote Anyesi aliyaelewa bila kutafsiriwa: angeleta watu wa mbali, Wanyamwezi, wasiojua isale wala ukoo wa mtu. Si leo. Labda baada ya mvua. Lakini angewaleta.

Wanaume wakaokota majembe, wakaondoka mmoja mmoja. Ndani Kaanaeli aliita, anataka maji ya kunywa. Anyesi akampelekea, akamshikia kichwa mpaka akamaliza, kisha akachukua kibuyu kile kile, akakijaza mferejini, akaanza mwanzo wa mstari. Akamwaga kidogo kwenye kigingi cha kwanza. Akaenda kwa cha pili.

Solomoni alikuwa bado amesimama, kofia mkononi, hajui aende bomani au nyumbani.

"Mama Efraimu," akasema, "tangu lini kigingi kikanyweshwa maji?"

"Tangu leo, mshili," alisema Anyesi, bila kuinua kichwa. "Sogeza mguu, unakanyaga mizizi."